Uji wa Usiku na Meno ya Binti Yangu

Binti yangu alikuwa na miaka mitatu na miezi minne usiku aliponiamsha saa nane, kashika mdomo wa juu kwa viganja viwili. Hakuwa analia kwa sauti. Alikuwa anatoa mlio mwembamba, kama wa mtoto aliyechoka kulia. Nikawasha taa. Mdomo wa juu ulikuwa umejaa, umenyanyuka mpaka karibu na pua. Nilipoufunua nikaona kijipu cheupe kwenye fizi, kama punje ya mtama, juu ya jino la mbele ambalo nusu yake ilikuwa imeshakwisha zamani.

Naandika "imeshakwisha zamani" kwa makusudi. Lile jino sikuliona usiku ule kwa mara ya kwanza. Nililiona likiwa na mstari mweupe, nikaliona likiwa la manjano, likawa kahawia, kisha likameguka siku moja alipokuwa anatafuna muhindi wa kuchoma. Kila hatua nilijipa jibu ambalo kila mtu mzima wa mtaani kwetu Mbagala angenipa: hayo ni meno ya utoto, yatang'oka tu.

Alfajiri nilimfunga khanga mgongoni tukaenda hospitali. Nilitegemea daktari angeangalia, angetoa dawa ya maumivu, angenipa tarehe ya kurudi. Aliangalia kweli, akagusa fizi kwa kidole taratibu, akamwandikia dawa. Halafu akavuta kiti akakaa mbele yangu, akachukua kalamu na karatasi, akaniambia: "Mama, nisimulie jana. Tangu mtoto alipoamka asubuhi mpaka alipoamka tena leo. Kila kilichoingia mdomoni mwake, hata kama ni kidogo."

Nilianza kwa kujiamini, kwa sababu mimi si mama wa kumlisha mtoto pipi. Hilo nililisema mwanzo kabisa: "Daktari, huyu pipi simpi." Akaitikia kwa kichwa, akaniachia niendelee.

Saa kumi na mbili asubuhi, chai ya maziwa na andazi. Saa tatu, uji wa lishe kwenye kile kikombe chenye mfuniko na mdomo wa kunyonyea. Akaniuliza uji ule huisha saa ngapi. Nikasita, maana mimi saa hizo niko Kariakoo kwenye biashara ya vitenge, mtoto yuko na dada wa nyumbani. Nilimpigia dada simu palepale. Akasema: "Dada, si anatembea nacho tu uani, anacheza anarudi anavuta kidogo. Kinaisha kama saa tano hivi." Daktari akaandika. Saa sita, ubuyu wa mia mbili kutoka kwa jirani, ule mwekundu uliopakwa sukari na rangi, mtoto anamung'unya mbegu moja moja. Mchana wali na maharage. Kabla ya kulala mchana, biskuti mbili ili asisumbue. Alipoamka, barafu ya ukwaju. Jioni baba yake kaja na juisi ya paketi. Saa moja, chai tena. Na ile dawa ya maji ya kikohozi, tamu, mara tatu kwa siku, kijiko cha mwisho baada ya kuwekwa kitandani.

Na usiku, chupa. Uji mwepesi uliochujwa, maziwa ndani na vijiko viwili vya sukari. Analala nayo mdomoni. Akishtuka saa nane, namrudishia iliyobaki.

Daktari alinigeuzia karatasi. Alikuwa ameweka alama kila palipokuwa na sukari, na uji wa asubuhi ameuchorea mstari mrefu kuanzia saa tatu mpaka saa tano. Zilikuwa alama kumi na mbili. Mlo pekee usio na alama ulikuwa wali na maharage.

Maelezo aliyonipa baada ya hapo ndiyo yaliyobadilisha nyumba yangu, kwa hiyo nitayaeleza kama nilivyoyaelewa. Mdomoni wapo vijidudu, sote tunao, na wao chakula chao ni sukari. Wakiipata wanatoa asidi, na asidi hiyo inanyonya madini kwenye jino. Haikai milele. Mate yanakuja, yanaipunguza makali, yanarudisha madini kidogo kidogo, na kazi hiyo inachukua nusu saa, wakati mwingine hata saa nzima. Jino la mtoto anayekula kitu kitamu mara mbili tatu kwa siku linapata muda wa kujitengeneza. La binti yangu lilikuwa linapigwa, na kabla halijapona linapigwa tena, mchana kutwa. Usiku ndiyo hatari zaidi, kwa sababu mtu akilala mate hupungua sana. Ule uji wa kwenye chupa ulikuwa unatuama kwenye meno ya juu ya mbele mpaka asubuhi bila kitu cha kuusafisha.

Nikamwuliza mbona meno ya chini ya mbele ni mazima. Akasema ulimi huyafunika mtoto anaponyonya, na matundu ya mate yako hapo hapo chini yake. Nilimfunua tena mtoto mdomo nikatazama: chini manne meupe kama mchele, juu manne kama vijiti vilivyoungua. Ni mtoto mmoja, na mdomo ni huo huo.

Jambo la uzito lazima nilieleze, kwa sababu nadhani akina mama wengi tunapitia hapo hapo. Binti yangu alipokuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu, kadi yake ya kliniki ilianza kuonyesha mstari unalala badala ya kupanda. Nesi aliniambia nimlishe mara nyingi zaidi kwa siku, na uji wake niuongezee nguvu. Ushauri ule ulikuwa sahihi, na uzito ulipanda kweli. Sikuelewa tu kwamba "mara nyingi" siyo "muda wote", na kwamba nguvu ya uji ingeweza kutoka kwenye karanga za kusaga, maziwa, au yai, badala ya sukari. Mimi niliona mtoto akinywa vizuri uji ukiwa mtamu, nikaongeza sukari. Nikaona akinywa zaidi akipewa kwenye chupa, nikampa chupa. Kila kijiko nilichokoroga kwenye ule uji nilikikoroga kwa mapenzi na hofu ya mizani. Kwa hiyo mtu akiniambia watoto wanaooza meno ni wa wazazi wasiojali, namkatalia. Mimi nilikuwa najali mpaka usingizi ulikuwa haupatikani.

Daktari alinigeukia mimi: "Fungua na wewe mdomo, mama." Nina magego mawili yenye matundu, moja nimeishi nalo tangu kidato cha pili. Akaniuliza kama huwa naonja uji kwa kijiko kile kile cha mtoto. Nani asiyeonja? Unaonja kama umepoa, unampa. Andazi gumu unalitafuna kwanza, unamtilia mdomoni. Akanieleza kwamba mtoto hazaliwi na vile vijidudu vinavyotoboa meno. Mara nyingi anavipata kwa mate ya anayemlea, na mama mwenye matundu yasiyozibwa anavyo vingi. Wiki ile ile nilianza kuziba yangu. Nilikuwa nimeyavumilia miaka yote nikidhani yananihusu mimi peke yangu.

Kuna lingine, la dawa ya meno, na hili linamhusu dada yangu wa Maji ya Chai, kule Arumeru, mkoani Arusha.

Wanawe wana meno yenye madoa ya kahawia. Si kuoza, ni meno magumu kabisa, lakini yana mabaka ambayo hayatoki kwa mswaki wala kwa mkaa. Yeyote aliyekulia upande wa Meru anayafahamu. Maji ya kule hupita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, yanabeba madini ya floraidi mengi kuliko kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayeyanywa wakati meno yake yakiwa bado yanatengenezwa ndani ya taya, meno hutoka na madoa. Magadi ya kupikia nayo huongeza. Dada yangu aliumizwa sana na jambo hilo, kwa sababu binti yake mkubwa hacheki bila kuziba mdomo kwa mkono. Alipokuja Dar es Salaam na kuona nimenunua dawa ya meno ya kawaida, aliishika ile boksi akasoma, akaniambia: "Mdogo wangu, hii ina floraidi. Usimharibie mtoto meno." Nikabadilisha. Nikatafuta dawa ya watoto yenye picha za matunda, isiyo na floraidi kabisa, na kwa karibu miaka miwili binti yangu alitumia kitu kitamu kisichomlinda.

Daktari alisema dada yangu hakudanganya, ila alichukua tatizo la maji ya Arumeru akalihamishia Mbagala. Floraidi nyingi ikimezwa kila siku kwenye maji huleta madoa. Floraidi kidogo inayopakwa juu ya jino hulisaidia kurudisha madini yaliyonyonywa. Alinionyesha kipimo kwenye ukucha wake: kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, dawa kama punje ya mchele, kuanzia miaka mitatu hadi sita, kama punje ya njegere. Kwenye boksi nitafute namba isiyopungua 1000 pembeni ya herufi ppm, kipimo cha floraidi. Mtoto ateme povu, asisukutue kwa maji mengi, ili dawa ibaki kwenye meno. Na anayeshika mswaki ni mtu mzima, mpaka mtoto afike miaka saba hivi. Hilo la mwisho lilinigusa, kwa sababu sisi tulikuwa tukimpa mswaki wake na kumsifia anavyojitegemea. Alikuwa anaunyonya.

Siku ile waling'oa mawili, lile lenye jipu na jirani yake. Nilimpakata mimi mwenyewe wakati wa sindano ya ganzi. Alinishika kidole gumba hakukiachia mpaka tulipofika nyumbani.

Magego mawili ya chini yalikuwa na matundu lakini yalikuwa yanaokoleka, tukarudi baada ya wiki mbili. Nilijiandaa kwa ile mashine inayolia. Haikuwashwa. Daktari alitumia vifaa vya mkono, kama vijiko vidogo sana, akakwangua sehemu iliyolainika, akasafisha, akajaza dawa laini ya kuzibia ambayo hukauka ikawa ngumu na yenyewe hutoa floraidi. Mtoto alilalamika kidogo tu. Daktari aliniambia njia ile ya kuziba bila mashine ilianzia hapa hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya mahali pasipo na umeme, na leo inatumika dunia nzima. Nilitoka nikiwa na fahari, na uchungu pia, maana dawa hiyo ipo kwetu tangu kabla sijazaliwa, na mimi nilikuwa nangoja meno yang'oke.

Hilo neno la "yatang'oka tu" nimelibeba sana kichwani. Meno ya mbele ya juu hung'oka yenyewe karibu na miaka saba. Binti yangu aliyapoteza akiwa na mitatu. Hesabu miaka ya kukaa na pengo. Magego ya utoto ndiyo hukaa mpaka miaka kumi, kumi na moja, hata kumi na mbili, na ndiyo yanayoshika nafasi ya magego makubwa yanayokuja. Chekechea walimwita kibogoyo. Akawa hataki kuimba na wenzake, kwa sababu kwenye wimbo wa samaki yeye alisema "thamaki" na watoto wakarudia. Mwalimu wake alilidhibiti, Mungu ambariki, lakini mimi nilimsikia nyumbani akijifundisha peke yake chooni, "sa, sa, sa", na hewa inapita tu.

Kazi ya kubadilisha nyumba haikuwa nyepesi. Chupa ya usiku niliivunja kwa hatua: usiku wa kwanza vijiko viwili vya sukari, kisha kimoja na nusu, kikaja kimoja, mpaka ukawa uji mtupu, halafu nikaanza kuuongezea maji. Baada ya wiki tatu chupa ilikuwa na maji tu, na siku chache baadaye mwenyewe akaiacha. Dada wa nyumbani nilikaa naye chini nikamwonyesha ile karatasi yenye alama kumi na mbili. Alilia. Alidhani namlaumu. Nikamwambia mkono ulioweka sukari ni wangu. Tukapanga pamoja: uji anywe amekaa, kwenye kikombe cha wazi, akimaliza amemaliza. Kati ya milo, parachichi, kiazi kitamu cha kuchemsha, yai, tango, na maji. Ubuyu na barafu havikufutwa, kwa sababu mtoto anaishi na watoto wenzake, lakini vikahamia siku ya Jumapili, baada ya chakula, kwa mara moja.

Mama mkwe ndiye aliyenipa wakati mgumu. Yeye ametoka Pangani, na kwake kumnyima mjukuu kitu kitamu ni ukatili. "Sisi tulikula miwa na halua, mbona meno tunayo?" Swali lake ni la haki, na sikulipuuza. Nilimwuliza halua walikula lini. Akafikiri. "Sikukuu. Na harusini." Na muwa? "Ukivunwa." Na baada ya chakula? "Tunachokonoa kwa mswaki wa mti." Alinyamaza mwenyewe, akaiona hesabu bila mimi kuisema.

Tena nimtendee haki, kwa sababu ndiye aliyemwokoa binti yangu na kubwa zaidi. Mtoto alipokuwa na miezi mitano aliharisha na kupata homa, na jirani mmoja akaona uvimbe mweupe kwenye fizi akasema ni meno ya plastiki, kuna mzee anayachimba. Mama mkwe alimfukuza barazani. Alikuwa amewahi kuona mtoto akivuja damu kwa jambo hilo. Ule uvimbe ni chonge changa linalokuja, si ugonjwa, na kulichimba kunaweza kujeruhi hata jino la ukubwani lililo chini yake likatoka na kasoro. Kuharisha kunatibiwa kituo cha afya.

Kwa mdogo wake binti yangu, ambaye sasa ana miaka miwili, niliamka mapema. Kila Ijumaa usiku namlaza kichwa chake mapajani mwangu, miguu kwa bibi yake, tumekaa tumeelekeana, goti kwa goti. Namfunua mdomo wa juu, namulika kwa tochi ya simu. Natafuta kitu kimoja: mstari mweupe usiong'aa, kama chokaa, pale jino linapokutana na fizi. Kwa dada yake nilikiona na nikadhani ni maziwa. Kumbe ndiyo hatua ya kwanza kabisa, na hapo jino halijatoboka, linaweza kurudi kwa mswaki wa floraidi na kupunguza sukari. Mwezi wa nne mwaka huu niliuona kwake, upande wa kushoto, mwembamba kama uzi. Alikuwa ametoka kwenye kikohozi kirefu na dawa tamu za usiku. Nikaanza kumsugua baada ya kila kijiko cha dawa, na kliniki ya meno walimpaka floraidi. Haujakua. Bado unaonekana, ila sasa unang'aa, na daktari anasema kung'aa ni dalili nzuri. Ninamnyonyesha bado mara mojamoja, sikuambiwa niache. Niliambiwa nimsafishe meno kabla ya kulala na nisimwachie titi mdomoni usiku kucha.

Binti yangu ametimiza sita. Wiki iliyopita nilikuwa namsugua, tochi mdomoni, nikaona kitu kule nyuma kabisa, nyuma ya gego la mwisho nililoliziba. Kilima kidogo cheupe kinapasua fizi, chenye mikunjo mipya, kifupi kuliko mwenzake kiasi kwamba mswaki ulikuwa unapita juu bila kukigusa. Daktari alinionya juu yake: gego la kwanza la ukubwani huja kwenye miaka sita, na kwa kuwa halitanguliwi na jino kung'oka, wazazi wengi hawajui limefika, wanadhani ni la utoto. Niliugeuza mswaki nikakisugua kwa kuukingamisha kutoka shavuni, taratibu, kwa maana fizi ilikuwa bado laini.

Alitema povu, akalitafuta kwa ulimi.

"Mama, hili nalo litang'oka?"

"Hapana. Hili utazeeka nalo."

Akafungua mdomo tena, mwenyewe, nikamsugua upande wa pili.